Utanunua The Dark Side of the Moon ipi? Sikiliza mapigo ya moyo kwanza

Malalamiko ya wasomaji kuhusu albamu hii ya bendi ya Pink Floyd yanafanana. Mtu kanunua santuri kwa bei ya kuumiza, jalada linang'aa, mabango mawili yamo, vibandiko havijaguswa, na muuzaji kaapa kwamba haina mkwaruzo. Sindano ikishuka, badala ya moyo unaodunda kwa mbali, anasikia bisi zinapasuka sufuriani.

Tuache basi habari za rangi ya plastiki na uzito wa gramu 180. Albamu hii, iliyotoka Machi 1973, inafunguliwa na kufungwa na mapigo ya moyo, ambayo ni ngoma kubwa ya drams iliyofanyiwa ufundi pale studio ya Abbey Road. Yanainuka polepole kutoka kwenye kimya kitupu, na mwishoni yanarudi humo humo. Toleo lisiloweza kutunza kimya hicho limeharibu albamu, hata kama gitaa la wimbo wa "Time" linapasua anga.

Kwenye santuri, tatizo lina sababu zake. Mapigo ya mwanzo yako ukingoni kabisa, pale vidole vinaposhika na sindano inapoangushwa na mikono isiyo na subira, kwa hiyo ndipo uchafu na mikwaruzo midogo hujaa. Mwisho wa kila upande ni taabu nyingine. Santuri huzunguka kwa mwendo ule ule wa 33⅓ kwa dakika, lakini mfuo (mstari uliochongwa wenye sauti) wa nje hupita chini ya sindano kwa takriban sentimita 51 kwa sekunde, na ule wa karibu na lebo kama 21 tu. Sauti ile ile inabanwa kwenye nafasi isiyofika nusu. Na ni nini kimewekwa huko ndani? Upande wa kwanza, ni mwimbaji Clare Torry akipaza sauti kwenye "The Great Gig in the Sky". Upande wa pili, ni "Eclipse", kwaya na ogani zikiwa kwenye kilele. Sindano iliyochakaa hukwangua sehemu hizo kwanza, na uharibifu huo hauonekani kwa macho. Utausikia pale sauti ya Torry inapochanika kama kitambaa.

Chunguza na tundu la katikati. Likiwa limetobolewa nje ya katikati hata kidogo, mkono wa sindano utayumba kushoto na kulia kila mzunguko, na piano inayofungua "The Great Gig" italegea na kukaza. Kasoro hiyo huzidi kadiri unavyokaribia lebo. Hakuna sabuni ya kuitibu, rudisha.

Kwa kipimo hicho, chaguo langu la kwanza ni la Japani, na sioni haya kusema napendelea santuri za kampuni ya Toshiba-EMI. Tafuta yenye namba EOP-80778 ya 1973, au EMS-80324 iliyofuata, ambayo ni rahisi zaidi kupatikana. Plastiki yao ni tulivu kuliko karibu kila nyingine ya miaka ile: mapigo yanatoka gizani yakiwa peke yake. Besi yake si nene kama ya toleo la Uingereza, na hilo nalikubali. Ila nene yenye bisi ndani yake ya nini?

Ya pili ni toleo la 2016 la Pink Floyd Records, lililotengenezwa upya kutoka kanda za asili na mafundi sauti James Guthrie, Joel Plante na Bernie Grundman. Ni jipya, kwa hiyo hakuna sindano ya mtu mwingine iliyopita. Likague tundu, lioshe kabla ya kulicheza mara ya kwanza maana vumbi la kiwandani na la mfuko wa karatasi huingia kwenye mifuo, kisha lihamishie kwenye mfuko laini.

Toleo la kwanza la Uingereza, Harvest SHVL 804, lenye pembetatu ya buluu iliyojazwa rangi kwenye lebo, ndilo linalotafutwa na wakusanyaji. Linapiga vizuri mno likiwa zima. Tatizo ni kwamba watu walilicheza miaka mingi, mara nyingi kwa vifaa duni, na bado bei hupangwa kwa ile pembetatu na yale mabango. Hapa ndipo wauzaji wananichosha. Wanaitazama santuri chini ya taa, wanaipa daraja la juu, hawaichezi. Kibandiko cha piramidi kimeongeza bei. Sauti hakuna aliyeiuliza.

Santuri ya kampuni ya Mobile Fidelity ya 1979, MFSL 1-017, ilikatwa kwa nusu mwendo (mifuo ikichongwa kwa nusu ya kasi ya kawaida) na fundi Stan Ricker na kuchapwa na JVC huko Japani. Kimya chake ni cha kupendeza, lakini besi na sauti za juu zimenyanyuliwa, na saa za "Time" zikilia utaikimbia sebule.

Kwa diski, shika SACD (diski yenye ubora wa sauti kuliko CD) ya 2003, au ile ya kampuni ya Analogue Productions ya 2021. Mle mna miksi (mpangilio wa sauti) ya spika sita ya Guthrie pamoja na stereo. Tahadhari moja kwa ya 2003: ina safu mbili, na safu ya CD imebanwa zaidi kuliko ya SACD, kiasi kwamba tofauti kati ya kimya na kishindo imepungua. Mashine ya kawaida ya CD husoma hiyo iliyobanwa peke yake. Kama huna mashine ya SACD, unalipia kitu usichokisikia.

CD ya Japani ya 1983, CP35-3017, yenye pembetatu nyeusi, inasifiwa kwa haki, ila ina mtego. Baadhi ya nakala zilirekodiwa na sauti za juu zikiwa zimeinuliwa makusudi, hadi karibu desibeli 9.5 kule juu kabisa, pamoja na alama ya kuiambia mashine izishushe. Mashine hutii. Kompyuta ikinakili, programu nyingi huipuuza alama hiyo, na faili linatoka kali kama wembe. Ukishanakili, lipitishe kwenye programu ya SoX kwa amri ya deemph. Na ukiongeza sauti mwishoni mwa baadhi ya CD za baadaye, nyuma ya mapigo yanayofifia utasikia kwa mbali orkesta ikipiga "Ticket to Ride" ya Beatles. Diski si mbovu, usiirudishe.

Kuhusu masanduku makubwa, la 2011 lina diski sita, na miksi ya spika nne aliyoifanya fundi sauti Alan Parsons mwaka 1973 ni hazina. Lakini ili uipate ununue na skafu, gololi na vya kuwekea glasi! Mpenzi wa muziki analipishwa duka la zawadi. Inaniuma kwa sababu miksi ile ilistahili kuuzwa peke yake.

Kaseti: mapigo huzama kwenye ule mchuruzo wa "sss". Mtandaoni: zima mchanganyo wa nyimbo (shuffle), zima usawazishaji wa kiwango cha sauti kati ya nyimbo, hakikisha hakuna pengo kati ya wimbo na wimbo.

Kabla hujatuma pesa kwa santuri iliyotumika, mwombe muuzaji akurekodie sekunde 60 za mwanzo wa upande wa kwanza, kuanzia sindano inapogusa, na dakika ya mwisho ya kila upande, bila kugusa kitufe cha sauti. Akikuletea kipande cha wimbo wa "Money" tu, pesa zibaki mfukoni.