Busta za Nyanya: Ipi Inunuliwe Kwanza na Ipi Ibaki Dukani

Katika maduka mengi ya pembejeo, karibu kila chupa ya kupulizia majani huuzwa kwa jina la busta au "vitamini ya nyanya", ingawa nyingi hazina vitamini hata chembe, bali zina madini, dondoo za mwani, au homoni za ukuaji. Kwa hiyo mnunuzi asome orodha ya viambato na asilimia zake kabla ya kuitazama picha ya tunda jekundu lililopamba lebo. Upangaji ufuatao umezingatia jambo moja: je, jani linaweza kweli kupokea kiasi ambacho mmea unakihitaji?

Nafasi ya kwanza naipa michanganyiko ya madini madogo, yaani zinki, boroni, chuma na manganizi, hasa ile ambayo zinki na chuma vyake vimefungwa kwa kelati kama EDTA, yaani kiungo kinachoyashika madini yabaki yameyeyuka na yasigande. Mmea huhitaji madini haya kwa kiasi kidogo sana, na ndiyo maana mpulizo mmoja au miwili huweza kuziba pengo halisi, hasa kwenye udongo wenye chumvichumvi au chokaa nyingi ambako zinki na chuma hushikwa na udongo, mizizi isivipate. Boroni husaidia chavua kuchipua na ua kushika tunda, kwa hiyo ipulizwe maua yanapoanza kuchomoza wala isisubiri matunda yajae. Tahadhari ni kwamba kati ya kiasi kinachofaa na kinachounguza kingo za majani pana nafasi ndogo sana, hivyo kipimo cha lebo kisiongezwe hata kwa kijiko.

Ya pili ni salfeti ya magnesiamu, nayo bei yake ni rahisi kuliko karibu kila busta yenye chupa ya kuvutia. Inunuliwe pale tu majani ya chini yanapogeuka manjano katikati ya mishipa huku mishipa yenyewe ikibaki kijani, hali inayotokea mara nyingi kwa mkulima aliyeweka potasiamu nyingi. Gramu 200 katika bomba la kupulizia la lita 20 zinatosha.

Ya tatu ni naitreti ya potasiamu, inayoandikwa 13-0-46, yaani asilimia za naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa mfuatano huo, mbili za mwisho zikihesabiwa kama oksidi. Potasiamu ndiyo inayojenga rangi, ugumu wa tunda na ladha, lakini hesabu yake inafaa ifanywe kabla ya kutoa pesa. Tani moja ya nyanya huondoka shambani na zaidi ya kilo 2 za potasiamu, kwa hiyo ekari iliyozaa tani 10 imepoteza zaidi ya kilo 20. Mabomba 10 yenye gramu 200 kila moja hayafikishi hata kilo 1 ya potasiamu halisi. Mpulizo ni nyongeza wakati matunda yanajaa. Chakula chenyewe lazima kipitie mizizini.

Ya nne ni kalsiamu, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Doa jeusi lililobonyea kwenye kitako cha tunda, ambalo wakulima wengi hulipulizia dawa ya ukungu bila mafanikio, hutokana na upungufu wa kalsiamu ndani ya tunda hata pale udongo unapokuwa nayo ya kutosha. Kalsiamu husafiri pamoja na maji yanayopanda kutoka mizizini, na kwa kuwa majani hupoteza maji mengi kuliko tunda, hujivutia sehemu kubwa. Nayo ikishatua kwenye jani haihami kwenda kwenye tunda. Kupulizia majani, basi, hakuliponyi tunda. Mpulizo wa naitreti ya kalsiamu, gramu 100 kwa lita 20, una faida, japo ndogo, pale tu unapoyafikia moja kwa moja matunda machanga yenye ukubwa wa gololi, kwa kuwa tunda lililokwisha kuoza kitako halirudi. Dawa kubwa ni kumwagilia kwa kipimo kisichoyumba, kutandaza nyasi kavu juu ya matuta, na kuweka naitreti ya kalsiamu kwenye udongo au kwenye maji ya matone. Mwenye kupanda nyanya zenye matunda marefu, kama Roma na Rio Grande, aanze mapema, maana ndizo zinazoathirika zaidi.

NPK ya maji ya 20-20-20, yaani mbolea yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu, naiweka ya tano. Inasaidia miche iliyodumaa baada ya kuhamishwa kutoka kitaluni, lakini ikiendelea hadi maua yatoke, naitrojeni yake huzidisha majani, na kwa kila kilo ya virutubisho ni ghali kuliko mbolea ya kuweka shinani.

Dondoo za mwani na asidi za amino zinafuata. Huweza kuupa mmea nguvu wakati wa ukame au joto kali, ila matokeo hutofautiana mno kati ya shamba na shamba. Mwisho kabisa ni vitamini zenyewe, kama B1 na C. Mnyanya hujitengenezea zote mbili, na majaribio yanayoonyesha nafuu ya vitamini C yamefanywa zaidi kwa mimea iliyobanwa na chumvi au ukame. Mwenye shamba linalopata maji vizuri haoni sababu ya kuzinunua.

Usichanganye kalsiamu na salfeti wala fosfeti katika bomba moja, kwani huganda na kuziba pua ya bomba. Pulizia asubuhi mapema au jioni. Kwa Tanzania, hakikisha mbolea imesajiliwa na TFRA (Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania), kifungo chake hakijaguswa na tarehe haijapita. Na chupa isiyotaja kilichomo ndani, hata ikisifiwa vipi na muuzaji, irudishwe rafuni. Kabla ya kununua ya shamba zima, nunua chupa ndogo, uache mistari michache bila kupulizia, kisha upime mavuno ya pande zote mbili kwa mizani.