Kisu kidogo cha jikoni: cha sentimita 8 au cha 10? Uzoefu wangu

Wenye haraka wachukue jibu hapa hapa. Kama jikoni kwenu kitunguu na nyanya hukatiwa mkononi, juu ya bakuli au sufuria, nunua kisu chenye makali ya sentimita 8. Kama una ubao wa kukatia na unautumia kweli, nunua cha sentimita 10. Mimi ninavyo vyote viwili, vya Victorinox, kampuni ya visu ya Uswisi, vile vya mpini wa plastiki vyenye makali yaliyonyooka na ncha iliyochongoka. Vimeshafanya kazi ya kutosha jikoni kwangu Dar es Salaam, kwa hiyo nasema ninachokijua.

Maelekezo mengi ya kuchagua visu yameandikwa na watu wanaokatia kila kitu ubaoni. Kwao kisu kidogo ni cha kumenyea tu, na kikizidi au kupungua sentimita mbili hawajali. Sisi wengine kisu kidogo ndicho kisu chenyewe. Ndicho kinachomenya viazi, kukata kachumbari, kutoa mbegu za pilipili hoho, kukata vikonyo vya bamia na kumenya chungwa la mtoto anayelia mlangoni. Kile kikubwa kinatoka kabatini siku ya kuku. Kwa matumizi ya namna hii, hizo sentimita mbili zina maana kubwa.

Tazama kitunguu kinavyokatwa. Nusu yake imelala kiganjani, vidole vya mkono wa kushoto vimeikumbatia, kisu kinavutwa kuelekea dole gumba, na vipande vinadondokea bakulini vyembamba kama karatasi. Kitunguu cha wastani cha sokoni kina upana wa sentimita 6 au 7. Makali ya sentimita 8 yanakivuka na kubakiza ncha fupi tu upande wa pili, na muda wote unajua ilipo. Ukishika cha 10, ncha inatokeza sentimita tatu au zaidi, na huko inakotokezea ndiko viliko vidole vyako. Mzoefu atajihadhari, ndiyo, lakini atakata polepole. Msichana anayejifunza kupika ndiyo kabisa, usimpe.

Kuna jambo jingine ambalo halionekani dukani hadi ukishike. Kwenye kisu cha 8, kidole changu cha shahada nikikilaza juu ya mgongo wa kisu kinakaribia kufika nchani. Kwa hiyo ncha inakwenda pale kidole kinapoelekea. Kutoa jicho la kiazi, kuchokoa sehemu iliyooza ya nyanya huku nzima ukiiacha, kuchana mgongo wa kamba wa baharini na kuvuta ule uzi mweusi: kazi hizi zote ni za ncha. Mama mkwe wangu alipokiona mara ya kwanza aliniuliza, "Mwanangu, hiki si cha kuchezea watoto?" Akakaa nacho na ungo wa bamia. Siku hizi akija hukiulizia kabla hata hajavua mtandio.

Sasa cha 10, nacho nisikionee. Embe dodo linakikubali. Ukikata shavu la embe kando ya kokwa kwa kisu cha 8, makali hayatokei upande wa pili, inabidi uzungushe na kuunga, na nyama ya embe inavurugika. Cha 10 kinapita moja kwa moja. Kutumbua changu au sato, kutenganisha paja la kuku kwenye kiungo (kiungo, si mfupa), kukata nyanya nyingi ubaoni, hapo nakichukua bila kufikiri. Nyumba yenye kisu kimoja tu na ubao mzuri, hicho kitawatosha.

Kipo pia cha sentimita 6, kifupi, ambacho makali yake yamepinda kuelekea ndani. Wapishi wa hoteli wanakipenda kwa kuchongea viazi na karoti. Mimi nyumbani sikioni kazi yake. Na kipo cha meno, sentimita 11, ncha ya mviringo, ambacho watu wanakisifia kwa nyanya. Sifa ni za kweli: nyanya iliyoiva kupita kiasi inakatika bila kupondeka, na mkate pia. Makali yake yanadumu kuliko ya kisu cha kawaida, ila yakiisha, kinoo cha nyumbani hakiwezi kuingia vizuri kati ya yale meno. Kiwe cha pili, kisiwe cha kwanza.

Kitu ambacho tangazo halikuambii ni unene. Kabla ya hivi nilikuwa na kisu kidogo kilichokuja ndani ya seti, kampuni nisiitaje, urefu wake mzuri tu, sentimita 9. Lakini chuma chake kilikuwa kinene. Karoti haikukatwa, ilipasuka, kipande kinaruka hadi sakafuni. Kitunguu kilikuwa kinasukumwa badala ya kukatwa, na macho yanajaa machozi. Hivi vya Waswisi (mwanzilishi wao, Karl Elsener, alianza mwaka 1884, ndio hao hao wa visu vyekundu vya kukunja) chuma chake ni chembamba, na sehemu kubwa ya raha yake inatoka hapo. Ukienda dukani, kiangalie kisu kwa mbele, makali yakitazama chini. Kama mgongo ni mnene hadi karibu na ncha, kirudishe hata kama urefu ndio uliokuwa unautaka.

Wembamba huo una bei yake, nayo ni muhogo. Muhogo unachanwa ganda kwa urefu, kisha unaingiza kisu chini ya ganda na kulinyanyua, na hapo kisu chembamba kinapinda, tena ukikinyonga sana ncha inaweza kukatika. Muhogo, nazi, kiazi kikuu, tafuta kisu cha zamani kigumu uvimalizie huko. Na usikitumie kufungulia kopo, ingawa najua nyumba zetu zilivyo.

Kunoa ni rahisi. Kinoo cha kawaida kinatosha, na kisipokuwepo, pindua kikombe cha kauri, ule mduara wa chini usiopakwa rangi unanoa vizuri: vuta kisu taratibu, upande huu mara chache, upande ule mara chache, kisha kisuuze. Yule fundi anayepita mtaani na jiwe lake kwenye baiskeli mpelekee panga. Kisu chembamba hivi, jiwe la kuzunguka linakila haraka, na bapa likishapungua upana, vidole vyako vinaanza kugonga ubao kila unapokata.

Unaponunua mtandaoni, soma kipimo kwa makini. Wauzaji wengi wanapima kisu chote, mpini ndani. Ukiona sentimita 19, huenda hicho ndicho cha 8. Wengine wanaandika kwa inchi: inchi 3 na robo ni kama sentimita 8, inchi 4 ni kama 10. Picha haikusaidii kitu, kwa sababu peke yake kwenye picha kila kisu kinaonekana kikubwa. Muulize muuzaji urefu wa makali bila mpini, na akikujibu "standadi tu, dada", mwambie apime.

Bei? Utalipa mara kadhaa ya kisu cha gengeni. Mimi naona inalipa, hasa kwa cha 8 kwa sababu kinashikwa kila siku, asubuhi na jioni. Cha 10 ningeweza kukisubirisha hadi mwisho wa mwezi mwingine.

Na rangi si urembo. Chukua chenye mpini mwekundu au wa njano. Kisu kidogo cheusi kikiachwa kwenye maganda ya ndizi na viazi hakionekani, kinazolewa pamoja na taka, na gari la taka halirudi.