Modeli za mito na mabwawa: programu ipi uanze nayo, na hela uziweke wapi

Unataka kujifunza kukokotoa mwendo wa maji mtoni, au kujua mafuriko yatafika wapi bwawa likivunjika? Basi hela zako zipeleke kwa mwalimu, si kwenye leseni. Programu bora ya kuanzia hailipiwi.

Namba moja ni HEC-RAS, ya Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi la Marekani. Tangu toleo la 5.0 la mwaka 2016 inakokotoa pia maji yaliyofurika na kusambaa bondeni, seli kwa seli, yaani ardhi ikigawanywa katika vipande vidogo na kila kipande kikikokotolewa. Kwa bwawa utajaza vipimo vya pengo, yaani sehemu ya ukuta itakayobomoka na kupitisha maji: upana wake, mteremko wa kingo zake na muda linaochukua kufunguka. Kazi nzima iko hapo. Kanuni za kukadiria vipimo hivyo, zenye majina ya watafiti wake (za Froehlich, za Von Thun na Gillette, za Xu na Zhang), zote zimo ndani, na kwa bwawa lilelile kila moja itakupa upana na muda wake. Zijaribu zote. Fupisha muda kutoka saa mbili hadi nusu saa uone kilele cha mafuriko kinavyopanda, hasa bwawa likiwa dogo. Asiyewahi kuiona tofauti hiyo ataamini jibu la kwanza la kompyuta, na kwa jibu hilo watu wanaoishi chini ya ukuta wataambiwa wako salama.

Jambo jingine: HEC-RAS huja imewekwa kwenye mlinganyo wa mwendo wa maji uliorahisishwa. Kwa bwawa linalovunjika, badilisha utumie milinganyo kamili, maana wimbi hilo huja kwa ghafla.

Namba mbili naipa TELEMAC, iliyoanzia kwa shirika la umeme la Ufaransa, EDF. Nayo ni bure, ila utaandika mafaili ya maelekezo kwa mkono, jambo linalowachosha wengi. Naipenda kwa sababu inakuja na mfano wa Malpasset, bwawa la kusini mwa Ufaransa lililovunjika tarehe 2 Desemba 1959 na kuua watu zaidi ya 400. Vipimo vya tukio hilo vipo, kwa hiyo utajua umekosea kiasi gani. Ukitaka nyepesi zaidi, Iber ya Hispania inafaa.

MIKE ya Denmark na TUFLOW ya Australia, programu za kulipia, ni nzuri sana kazini, lakini nimeziweka mwisho kwa anayejifunza. Zilipie pale tu mwajiri atakapozihitaji, na uliza kwanza kuhusu leseni ya mwanafunzi.

Kuhusu kozi, kabla ya kulipa uliza mambo mawili: je, nitajenga modeli yangu mwenyewe kuanzia data za mwinuko wa ardhi, na je, kuna atakayeisoma na kunihoji kwa nini nimechagua namba hizi? Kozi ya video za kubofya vitufe tu iache. Nikiwa na hela ya kitu kimoja, ningelipia saa chache za mhandisi wa mabwawa akague vipimo vyangu vya pengo.