Kanda za VHS: usikilize Hi-Fi au mono?
Deki ya kanda za video za VHS yenye Hi-Fi (sauti ya ubora wa juu) husoma sauti mbili kwenye kanda moja. Mono, sauti ya chaneli moja, imerekodiwa ukingoni mwa utepe na husomwa na hedi (kichwa cha kusomea utepe) isiyozunguka. Kwa mfumo wa televisheni wa PAL utepe hupita sentimita 2.34 tu kwa sekunde, ndiyo maana muziki husikika hafifu, wenye mvumo. Hi-Fi, iliyokuja miaka ya 1980, husomwa na hedi za kwenye ngoma inayozunguka. Besi hutoka safi kabisa.

Mimi huanza na Hi-Fi. Ikinguruma, rekebisha treking, yaani jinsi hedi zinavyofuata mistari iliyorekodiwa kwenye utepe. Ikigoma, rudi mono, inayovumilia kanda iliyochakaa. Ila kanda ya harusi isikilize kwa njia zote mbili: maelezo yaliyoongezwa baadaye mara nyingi yako kwenye mono peke yake.