Viatu vya pekupeku: kutembea navyo safi sana, kukimbia navyo punguza haraka

Niseme mapema ili asiye na muda asome hapa hapa aondoke. Hivi viatu vya soli nyembamba, vile vya kukufanya uhisi kama unatembea peku, kwa shughuli za kila siku mi namwambia karibu kila mtu ajaribu. Kwa kukimbia ni habari nyingine kabisa, inategemea una subira kiasi gani. Tatizo ni kwamba wengi wananunua kwa ajili ya kukimbia, wanaumia shavu la mguu wiki ya kwanza, wanavitupa chini ya kitanda na kusema havifai, wakati kazi yake nzuri kuliko zote ni kwenda kazini, kusimama foleni, kupanda ngazi, kuzunguka zunguka na mambo yako.

Kwa asiyevijua, raba ya kawaida ya kukimbia ina sponji nene na kisigino kimeinuliwa kuliko mbele, mara nyingi milimita 8 mpaka 12. Hiki cha soli nyembamba, kisigino na mbele viko usawa mmoja, soli nzima mara nyingi ni milimita 3 mpaka 10, ndani hakuna kile kinundu cha kuinua upinde wa unyayo, na kiatu chenyewe kinaviringika kama soksi. Halafu mbele ni kipana. Hapo kwenye upana ndo nataka nikae kidogo manake kwa maoni yangu ndo pesa yako ilipo, japo matangazo yote yanapiga kelele kuhusu wembamba wa soli.

Fanya hivi sasa hivi: toa soli ya ndani ya kiatu unachovaa kila siku, iweke sakafuni, simama juu yake kwa uzito wako wote. Angalia vidole. Kwa watu wengi kidole kidogo kinamwagika nje na kidole gumba kinavuka ukingo, yaani ukivaa kile kiatu hicho kilichomwagika kinabanwa kurudi ndani kutwa nzima. Unyayo mmoja una mifupa 26 na viungo zaidi ya 30, na ukikanyaga chini vidole vinataka kutanuka ili vikushike usiyumbe, sasa kiatu kilichochongoka mbele kinavikatalia. Mi nilipoanza kuvaa vipana kitu cha kwanza nilichogundua hakikuwa soli wala nini, ni kwamba jioni nikivua viatu sisikii ile raha ya kuvua viatu. Inaonekana kitu kidogo lakini ikifikiriwa vizuri, kama kuvua kiatu ni raha basi kukivaa kulikuwa nini?

Kwa hiyo kama unaogopa soli nyembamba, anza na zile zenye upana huohuo na usawa huohuo ila zina sponji kiasi. Zipo. Utapata sehemu kubwa ya faida bila kuhisi kila kokoto.

Kokoto zenyewe tuziongelee. Lami na sakafu hamna shida, majani ni raha tupu, udongo mkavu safi, changarawe kali ndo adui. Mwanzoni unaruka ruka, baadaye unajifunza kuangalia unapokanyaga na mguu wenyewe unajifunza kulegea ukikuta jiwe badala ya kulikanyaga kwa nguvu zote. Sakafu ya baridi utaisikia, lami iliyochomwa na jua utaisikia, mvua nayo vile vya kitambaa vinalowa mara moja (vinakauka haraka pia, tuseme ukweli). Mambo mengine ambayo sikutegemea ni kwenye kuendesha gari, pedali unaihisi vizuri mno, na kwenye kunyanyua vyuma, unasimama imara kwa sababu hakuna sponji inayobonyea chini yako ukiwa na uzito mabegani.

Muonekano sasa. Kusema kweli vingi ni vibaya. Mbele vimepanuka hivi, na ukivaa na suruali nyembamba miguu inaonekana mikubwa kuliko mwili. Vile vyenye vidole vitano vilivyoachana, Vibram FiveFingers, vilivyoingia sokoni miaka ya 2000 katikati, hivyo ndo kabisa, ukivaa jiandae kujibu maswali popote utakapokaa, na kuvivaa kwenyewe ni kazi manake kila kidole lazima kipate chumba chake. Siku hizi kuna vya ngozi vya ofisini ambavyo mtu hatambui mpaka umwambie, hivyo ndo ningeshauri kwa wa kwanza.

Kukimbia sasa. Hapa maneno ni mengi na mengi yametiwa chumvi. Kila anayeviuza atakutajia Abebe Bikila, yule mkimbiaji wa Ethiopia aliyeshinda marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 peku, kwa saa 2:15:16, na ni kweli kabisa. Wanachoruka ni kwamba Tokyo mwaka 1964 alishinda tena akiwa amevaa viatu na alikimbia kwa saa 2:12:11. Sisemi viatu ndo vilimpa kasi, nasema tu yule alikuwa Bikila, angevaa hata magunia angetuacha.

Kuna utafiti wa Daniel Lieberman wa Harvard na wenzake uliotoka kwenye jarida la Nature mwaka 2010, uliangalia watu waliozoea kukimbia peku, wakiwemo wakimbiaji wa Bonde la Ufa Kenya, ukaonyesha kwamba wengi wao wanatua kwa mbele au katikati ya unyayo, na ule mshtuko wa ghafla anaoupata anayetua kwa kisigino haupo au ni mdogo. Watu wakasoma hapo wakafunga, wakajisemea basi peku haumii. Utafiti wenyewe haukusema hivyo. Halafu mwaka 2013 ukatoka mwingine, wakimbiaji waliobadilisha kwenda viatu hivi kwa wiki 10 wakapigwa picha za MRI, na zaidi ya nusu yao wakakutwa mifupa ya mguu imeanza kuvimba kwa ndani, kiwango kilichozidi sana wale waliobaki na raba zao. Na mwaka 2014 Vibram, kampuni ya vile vya vidole vitano, wakakubali kutoa dola milioni 3.75 kumaliza kesi Marekani kuhusu matangazo yao kwamba viatu vinaimarisha miguu na kupunguza majeraha, bila kukiri kosa. Ajabu ni kwamba upande wa kuimarisha baadaye ulipata ushahidi mzuri tu: mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Liverpool walionyesha watu waliovaa viatu vya aina hii kwenye shughuli za kawaida kwa miezi 6 nguvu ya vidole vyao iliongezeka kwa zaidi ya asilimia 50. Soma tena hapo, shughuli za kawaida, kutembea tu. Ndo maana nasema kutembea ndo penyewe.

Mzigo wa kukimbia haupotei, unahama. Ukiwa na sponji na kisigino kilichoinuliwa goti linabeba zaidi, ukivaa nyembamba ukatua kwa mbele, goti linapumua kidogo ila shavu la mguu, ule mshipa mnene wa nyuma ya kisigino na mifupa mirefu ya mbele ya unyayo vinapokea kazi ambayo havijaifanya tangu utoto. Misuli inazoea ndani ya wiki kadhaa, mshipa na mfupa vinachukua miezi. Hapo ndo watu wanapoumizwa, kwa sababu maumivu ya misuli yakiisha mtu anajua kashamaliza kuzoea, anaongeza kilomita, kumbe mfupa bado kabisa uko nyuma.

Mimi shavu la mguu lilikaza vibaya sana mwanzoni, kushuka ngazi asubuhi ilikuwa kesi. Kilichosaidia ni kuvivaa kwa kutembea tu kwa muda mrefu kabla ya kukimbia hata hatua moja, halafu kuanza kwa dakika chache mwishoni mwa mazoezi ya kawaida, zingine zote unamaliza na raba zako. Hatua zinakuwa fupi na za haraka haraka, mguu unatua chini ya mwili wako sio mbele yako. Na usijilazimishe kutua kwa vidole eti kisigino kisiguse kabisa, kisigino acha kishuke chenyewe baada ya kutua, ukikizuia hewani ndo unaua ule mshipa wa nyuma. Sikiliza mlio wa hatua zako, ukisikia pa pa pa unagonga ardhi, punguza. Kitu hiki ndo nimekipenda kuliko vyote kwenye kukimbia navyo, huwezi kujidanganya, ukichoka ukaanza kukimbia hovyo mguu unakwambia hapo hapo, wakati kwenye sponji nene unaweza kuharibu kilomita nyingi bila kujua.

Ukisikia maumivu ya sehemu moja tu, ya kunyooshea kidole, juu ya unyayo, na ukibonyeza yanachoma, acha kukimbia ukaonwe. Huo sio uchovu wa kawaida.

Wengine wasiguse kabisa bila kuongea na daktari. Mwenye kisukari ambaye miguu imeanza kupata ganzi, manake atakanyaga kitu chenye ncha asijue. Mwenye kidole gumba kilichokaza hakikunjiki, maana kiatu hiki kinataka kikunjike kila hatua. Na mwenye maumivu ya kisigino ya asubuhi yaliyoko motoni sasa hivi, wengine vinawasaidia baadaye lakini sio wakati unawaka.

Kwenye saizi, pima jioni mguu ukiwa umeshajaa, simama, acha nafasi ya upana wa kidole mbele ya kidole kirefu kuliko vyote (ambacho kwa wengine ni cha pili, sio gumba). Bila soksi vinanuka, usibishane na mtu, tafuta vya kufulika.

Kudumu vinadumu kuliko nilivyotarajia, hamna sponji ya kufa ndani, kinachoisha ni mpira tu. Vyangu vimelika zaidi upande wa nje wa kulia, nadhani kule naburuza mguu. Vikiisha nitachukua vya soli ya milimita 6 hivi kwa kutembelea, na kwa kukimbia nitaendelea kuchanganya, nyembamba kwa mbio fupi, raba zangu za sponji kwa zile ndefu.