TAHADHARI: Mtoto mweupe wa mbwa wa Great Dane anayeuzwa kwa jina la "nadra"

Habarini wadau. Ukionyeshwa mtoto wa Great Dane (wale mbwa wakubwa sana) mweupe pe, macho ya bluu, pua ya waridi, na muuzaji akakwambia "huyu ni nadra, ndiyo maana bei yake ni mara mbili ya wenzake", usitoe hata arubuni kabla hujamaliza kusoma hapa. Mimi nilitoa. Tena si arubuni, nilimaliza yote siku hiyohiyo na nikamshukuru juu yake.

Jina la muuzaji silitaji, na hata ningelitaja lisingewasaidia, maana tangu nimfahamu ameshatumia matatu. Kilichoniamsha ni tangazo nililoliona juzi: mtoto mwingine mweupe, jina jipya, lakini beseni ni lilelile la plastiki lenye ufa ukingoni ambalo wangu alipigwa picha akiwa ndani yake.

Najua kuna mtu atasema "ungeenda kuona kwanza". Nilikwenda. Walikuwa sita, wamelaliana kama nguo za kufua. Jamaa akapiga mluzi, wote wakainuka wakaja mbio, na mweupe katikati yao. Kitu ambacho sikukitilia maanani ni kwamba mweupe aliinuka nyuma ya wenzake kidogo tu, pale ndugu yake alipomkanyaga mgongoni. Mtoto kiziwi akiwa na ndugu zake huazima masikio yao: wakiamka anaamka, wakikimbia anakimbia. Nilipoomba nimwone peke yake pembeni, jamaa alimbeba mwenyewe akaniletea mikononi, "asije akajichafua". Nikasema moyoni, huyu mtu anajali mbwa wake.

Mama yao nilimwona: mweupe mwenye mabaka meusi yaliyochanikachanika, ile rangi inayoitwa harlequin. Nikauliza baba yuko wapi. "Yuko kwa mwenye dume." Nikaliacha swali hapo, na hapo ndipo nilipopigwa.

Wiki ya kwanza nyumbani nilikuwa najisifu kwamba nimepata mbwa mtulivu. Geti likigongwa, kimya. Watoto wakipiga kelele, amelala fofofo. Siku ya tisa mfuniko wa sufuria uliniponyoka jikoni, ukaanguka sakafuni na kuzunguka ukilia mpaka ukatulia wenyewe. Yeye alikuwa amelala hatua mbili kutoka hapo, sikio halikutikisika. Nikauokota nikauangusha tena, safari hii makusudi. Nikachuchumaa nyuma yake nikamwita jina. Alipofumbua macho ni kwa sababu pumzi yangu ilimgusa shingoni, na aliruka kwa woga hadi akajigonga kwenye kabati.

Kuna kipimo kinaitwa BAER, na mtoto wa mbwa anaweza kupimwa akiwa na wiki sita hivi. Wanamchoma visindano vyembamba chini ya ngozi ya kichwa, wanamwekea kisikilizio sikioni, kisha skrini inachora jinsi ubongo unavyoitikia sauti. Sikio zima huchora vilima. Ya wangu ilichora mstari ulionyooka, kulia na kushoto. Daktari hata hakushangaa. Alimtazama rangi, akauliza swali moja tu: "Wazazi wote wawili walikuwa na mabaka?"

Ndiyo nikaelewa. Mabaka ya harlequin, na yale ya kijivu kama mawingu yanayoitwa merle, yanatoka kwenye jeni moja ya merle (harlequin ni merle iliyoongezewa jeni nyingine juu yake). Nakala moja ya merle inampa mbwa madoa mazuri. Ukipandisha dume na jike ambao wote wanayo, basi kwa wastani mtoto mmoja kati ya wanne anapata nakala mbili, moja kwa baba na moja kwa mama, na huyo huzaliwa mweupe karibu mwili mzima. Shida haiishii kwenye manyoya. Chembe zinazotengeneza rangi zinahitajika pia ndani kabisa ya sikio, na zikikosekana huko, chembe za kusikia hufa katika wiki za mwanzo za maisha. Watoto hawa wako kwenye hatari kubwa ya kuwa viziwi, sikio moja au yote mawili, na wengine macho yao huwa madogo kupita kawaida au hayaoni sawasawa. Sisemi kila mbwa mweupe ni kiziwi. Nasema mfugaji wa Great Dane anayejua kazi yake humpandisha harlequin na mantle, yule mweusi mwenye mkufu mweupe, ili kukwepa jambo hili hasa. Kwa hiyo anayekuuzia mtoto wa namna hii kwa neno "nadra" ama hajui anachofuga, ama anajua vizuri sana.

Muuzaji wangu anajua. Nilipompigia, kwanza aliniambia masikio "yatafunguka" akikua. Masikio ya mtoto wa mbwa hufunguka akiwa na wiki mbili hivi, wangu alikuwa na zaidi ya tisa. Nilipombana akasema, "Mbona hukuuliza?" La tatu ndilo lililonimaliza: eti nina bahati, kwa sababu mbwa kiziwi haogopi radi. Baada ya hapo akanifungia namba.

Kuna na mambo mengine aliyoniuzia siku ile. Alinipa kopo la unga wa kalsiamu, "mbwa mkubwa anahitaji mifupa mikubwa". Kwa mbegu kubwa hii ni hatari, si msaada. Mtoto wa miezi michache hana uwezo wa kuikataa kalsiamu iliyozidi, mwili unaipokea tu, na mifupa na viungo vinakua vibaya. Hili lilipimwa kwa watoto wa Great Dane wenyewe huko Uholanzi miaka ya 1980. Chakula kilichotengenezwa kwa ajili ya watoto wa mbegu kubwa kinatosha, bila kuongeza kitu. Akaniambia pia nimlishe mara moja tu kwa siku, bakuli lijae. Great Dane ndio wanaoongoza kwa tumbo kujaa gesi na kujipinda; mbwa anajaribu kutapika hakitoki kitu, tumbo linakaza kama ngoma, na asipofika kwa daktari haraka anakufa ndani ya saa chache. Mlo mmoja mkubwa unaongeza hatari hiyo, kwa hiyo gawanya. Halafu ile ahadi yake ya miaka 15, jamani! Great Dane huishi kati ya miaka 7 na 10.

Sasa mtauliza kwa nini sikumrudisha. Nilishampa jina. Na nilijua angerudi kuuzwa kwa mwingine ambaye hata mfuniko wa sufuria haujamwangukia.

Leo ana miezi 14 na kilo 61, na bado anaongezeka. Hapo ndipo uziwi na ukubwa vinapokutana. Mbwa mdogo akishtuliwa usingizini akarusha meno hewani, watu wanacheka. Wa kilo 61 akifanya hivyo hakuna anayecheka. Kwa hiyo hapa kwetu hakuna anayemgusa amelala. Tunamwekea kiganja karibu na pua tusubiri harufu imwamshe, au tunapiga mguu sakafuni, mtikisiko unamfikia. Anajua ishara za mkono kumi na moja. Dole gumba juu ndiyo "umefanya vizuri", na mkia unavyopiga meza vikombe vinahama. Nje ya uzio hatoki bila kamba hata siku moja, maana akishakupa mgongo huna namna ya kumwita. Akiwa amelala huwa anaweka kichwa juu ya mguu wangu, na zamani nilidhani ni mapenzi tu. Ni mapenzi, lakini pia ndiyo kengele yake: nikiinuka anajua.

Kama bado unamtaka Great Dane, na sikukatazi, omba mtoto aingizwe chumba cha peke yake, bila ndugu na bila mama. Mwache atulie akupe mgongo. Mtu mwingine akiwa nje ya mlango atikise funguo au apige mluzi. Usipige makofi karibu naye, upepo wa mikono na mtikisiko vitakudanganya. Rudia mara tatu nne. Hata akiitikia, kama ni mweupe karibu wote, dai karatasi ya BAER, kwa sababu kiziwi wa sikio moja atakupita hivihivi. Muuzaji akisema hawezi kumtenganisha na wenzake "atalia", mwache alie dakika mbili. Asipotaka, wewe ndiye wa kuondoka.

Na baba. Kama dume hayupo, taka picha yake ya mwili mzima, iliyopigwa leo, si ya kuokota mtandaoni. Ukiona mabaka kwa mama na mabaka kwa baba, usibaki hata kunywa maji.

Chini ya lile tangazo la juzi niliandika swali moja tu, la adabu: naomba picha ya baba yao. Likafutwa kabla sijaweka simu mezani. Jana nikauliza tena kwa simu ya mke wangu, akajibiwa kwamba dume "yuko kwa mwenyewe", na kama yuko tayari kulipa leo atapunguziwa.