Khanga za Kariakoo kwa Mapambo ya Bebi Shawa
Kwa bebi shawa ya mdogo wangu, familia iliamua kushona mapambo nyumbani, na vitambaa tulivinunua katika duka moja la khanga lililopo Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Sifa kubwa ya duka hilo ni kwamba muuzaji hukufungulia doti nzima, yaani jozi ya khanga, uone pindo (ukingo wake), mji (sehemu ya katikati) na jina (maandishi yake) kabla ya kulipa, jambo lenye uzito kwa anayetaka kukata vibendera, kwa sababu maandishi yakikatwa vibaya khanga hupoteza ujumbe wake. Sisi tuliyaacha majina yakiwa mazima, tukayatundika nyuma ya kiti cha mama mtarajiwa, kisha pindo tukalikata pembetatu na kulishona kwenye utepe. Khanga ya pamba tupu ilipokea pasi vizuri na kingo zake zilitulia. Ile yenye mchanganyiko wa poliesta, ambayo muuzaji aliisifu kupita kiasi, iliteleza chini ya cherehani na kufumuka nyuzi kila ilipoguswa na mkasi. Utepe wa satini wanaouza hapo ni mwembamba mno, afadhali kuununua kwingine. Kwa khanga za pamba, hata hivyo, ninalipendekeza duka hili bila kusita.